Nipe Mji: Kitendawili Kati ya Ushindani na Masimulizi

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu fomyula ya kutega vitendawili. Mtegaji hutangaza, "Kitendawili!" nayo hadhira huitikia, "Tega!" Mtegaji hutoa fumbo lake, hadhira hujaribu kulifumbua, na ikishindwa mtegaji hudai mji. Akishapewa mji unaomridhisha, huutembelea kwa maneno, kisha ndipo hutoa jibu. Hatua hizi zimo katika vitabu vya fasihi simulizi vinavyotumiwa katika shule za upili nchini Kenya, na watahiniwa huzikariri kwa ajili ya Karatasi ya Tatu ya mtihani wa kitaifa. Ajabu ni kwamba hatua inayoweza kuwa na maneno mengi zaidi katika utendaji ndiyo hupewa maneno machache zaidi vitabuni. Hatua hiyo ni ile ya mji. Aghalabu huelezwa kwa sentensi moja, kwamba mtegaji hupewa mji, kisha maelezo hurukia jibu.

Upungufu huu unazua swali ambalo wanafunzi na wahadhiri wa fasihi simulizi wanapaswa kulikabili. Je, kutega kitendawili ni mashindano ya akili ambayo mshindi hujulikana pindi jibu linapotolewa, au ni maigizo na masimulizi ambayo jibu ni kisingizio chake tu? Wapo wanaoshikilia upande wa kwanza, na kwao mji ni pambo linalopoteza wakati. Wapo pia wanaoshikilia upande wa pili, na kwao ushindani ni vumbi la kitoto lisilostahili kuitwa sanaa. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimekikata kitendawili vipande viwili. Kanuni ndiyo inayompa msimulizi haki ya kusimulia, nayo masimulizi ndiyo yanayoupa ushindi thamani. Hata hivyo, kwa kuwa katika mazingira ya sasa ni upande wa masimulizi unaozikwa, ndio unaohitaji kutetewa. Mifano itatolewa hasa katika eneo la Kinango, Kaunti ya Kwale, na pia katika michezo ya mezani ya ng'ambo ambayo imekumbwa na mzozo uo huo.

Mchezo na sura zake

Tafakuri kuhusu mchezo si ngeni katika taaluma. Johan Huizinga, mwanahistoria wa Uholanzi, alichapisha kitabu chake Homo Ludens mwaka 1938 akidai kwamba mchezo umo katika misingi ya utamaduni wenyewe, na akatenga sura nzima kuzungumzia mafumbo na maarifa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1958, Roger Caillois wa Ufaransa aliigawa michezo katika mafungu manne: ushindani, bahati, uigaji na kizunguzungu. Mgawo huu una manufaa kwa mtafiti wa fasihi simulizi kwa sababu unaonyesha kwamba neno moja, mchezo, limebeba mambo yasiyofanana.

Tukianza na bao la kete, mchezo unaoenziwa kote pwani, tunapata ushindani ulio wazi. Lina mashimo 32 na kete 64. Wachezaji wawili huanza kwa kunamua, kisha kete za mkononi zikiisha huingia mtaji. Mchezaji hodari huhesabu mbele, huilinda nyumba yake na kutafuta namna ya kuila ya mwenzake. Pengine watazamaji hutia maneno, kejeli na utani, lakini maneno hayo hayahamishi hata kete moja. Mchezaji wa bao hahitaji kujigeuza mtu mwingine ili acheze. Anaweza kucheza kimya kuanzia mwanzo hadi mwisho, na bao likawa bao kamili.

Kinyume chake ni mchezo wa watoto wa baba na mama. Mmoja huwa baba, mwingine mama, wengine watoto, wageni au wagonjwa. Mchanga huwa unga, majani huwa mboga. Hapana anayeshinda wala anayeshindwa. Mchezo huisha watoto wakichoka, jua likitua au mama halisi akiita. Vitabu vya fasihi simulizi huuweka mchezo huu katika utanzu wa maigizo, na kwa haki, maana ndani yake mna wahusika, mazungumzo, mandhari na matukio.

Kitendawili kimesimama katikati ya hiyo michezo miwili. Kina kanuni kama bao: mtegaji ana jibu lake, hadhira ina nafasi za kujaribu, na kushindwa kunatambulika. Papo hapo, kina safari ya kubuni kama mchezo wa baba na mama: mtegaji hujifanya ameondoka, amefika, amepokewa na amerudi. Hii ndiyo sababu kitendawili kimekuwa kigumu kuainishwa. Wataalamu wengi hukiweka katika kapu la semi au tungo fupi, pamoja na methali, nahau na misimu. Uainishaji huo unalitazama fumbo lenyewe, sentensi moja au mbili, na kuuacha nje utendaji unaolizunguka. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba muktadha na utendaji havina budi kuzingatiwa katika kuigawa. Ushauri huo haujafika mbali katika namna vitendawili vinavyofundishwa.

Hoja za watetezi wa ushindani

Ni haki kuanza na hoja za wale wanaotaka kitendawili kibaki mashindano matupu, kwa kuwa hoja zao si dhaifu.

Kwanza, wanasema ushindani huleta usawa. Mtoto mwenye haya, asiyejua kujieleza mbele ya watu, anaweza kushinda kwa kutamka neno moja tu: "Yai." Akilazimishwa kuutembelea mji kwa maneno, huenda akajikunyata. Masimulizi huwapendelea wenye ndimi kali, na wenye ndimi kali hawakosi kujipendelea wao wenyewe.

Pili, wanasema mji huchelewesha mambo. Katika darasa la wanafunzi wengi na kipindi kifupi, mwalimu anaweza kutega vitendawili 20 na kuvimaliza. Akiruhusu miji, hatapita vitatu. Kwa mwalimu anayekimbizana na silabasi, hesabu hiyo ni nzito.

Tatu, na hii ndiyo hoja yao ya kitaalamu, wanasema thamani ya kitendawili imo katika uhusiano wa fumbo na jibu. Mtu anapoambiwa kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, akili yake huunganisha vitu viwili visivyoelekea kuunganika. Hapo ndipo pana sitiari, taswira na falsafa ya jamii. Mji hauongezi kitu katika sitiari hiyo.

Hoja hizi zina jibu. Hoja ya tatu inachukulia kwamba anayefumbua kitendawili hulifikia jibu kwa kufikiri. Je, ni hivyo? John Blacking, katika uchunguzi wake kuhusu vitendawili vya Wavenda wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1961, alionyesha kwamba mchezaji hupimwa zaidi kwa kuyajua majibu yaliyozoeleka kuliko kwa kuyavumbua. Hali ya Kiswahili haiko mbali na hiyo. Vipo vitu vingi visivyo na mlango, ila jibu linalokubaliwa ni yai. Anayelijua amelisikia mahali. Kwa hivyo, kitendawili kikiondolewa mji, kinachosalia aghalabu ni kipimo cha kumbukumbu, na wala si cha ubunifu kama inavyodaiwa.

Hoja ya pili, ile ya wakati, inageuka dhidi ya wenyewe. Vitendawili 20 vilivyotegwa na kufumbuliwa kwa mfululizo vinamfundisha mwanafunzi majibu 20. Siku ya pili, vitendawili vivyo hivyo vikitegwa, hakuna mchezo, kwa kuwa kila mtu anajua. Ushindani mtupu hujila wenyewe. Mji ndio unaousukuma mchezo mbele, maana mtegaji anayetaka kupewa mji hana budi kutafuta au kutunga fumbo ambalo wenzake hawajalisikia. Hamu ya kusimulia huzaa mafumbo mapya. Si ajabu pia kwamba baadhi ya wanaojua jibu hunyamaza, ili wasikie mtegaji atasema nini akishafika mjini.

Hoja ya kwanza, ya mtoto mwenye haya, ndiyo yenye uzito zaidi, na inastahili jibu la makini. Itarejelewa baada ya kuutazama mji wenyewe.

Mji ni deni la mshindi

Mara nyingi mji huelezwa kama tuzo. Hadhira imeshindwa, basi italipa, nayo hulipa kwa mji. Maelezo haya ni sahihi lakini hayajatimia. Tuzo ya kawaida humalizikia mkononi mwa mshindi. Akipewa kombe hulibeba nyumbani. Mji haubebeki. Mtegaji akipewa Mombasa hana anachoweza kukifanya nayo ila kuisimulia. Akisema "asante" na kutoa jibu papo hapo, hadhira huona imepunjwa. Imetoa mji, haikupata kitu.

Kwa hivyo, mji ni tuzo na deni kwa wakati mmoja. Anayeshinda ndiye anayewajibika kusema. Walioshindwa ndio wanaostahili kusikiliza, kucheka, kuuliza na kuhukumu. Huu ni mpango wa busara usiopatikana katika bao wala katika mtihani. Katika bao aliyeshindwa huondoka na fedheha yake. Katika mtihani aliyeshindwa huondoka na alama sifuri. Katika kitendawili aliyeshindwa huondoka na hadithi na jibu pia. Mchezo umehakikisha kwamba ujinga wa mtu hauadhibiwi kwa kumnyima, bali kwa kumfanya mwenyeji wa simulizi.

Ikumbukwe kwamba uteuzi wa mji nao ni mazungumzo. Hadhira hupendekeza, na mtegaji anaweza kuukataa mji kwa kuuona mdogo au wa karibu mno, hadi atajiwe ule anaoutaka. Majadiliano haya mafupi yana ramani ndani yake. Yanaonyesha ni miji ipi inayosifiwa na ipi inayodharauliwa, ipi ni ya mbali na ipi ni ya nyumbani. Mtafiti asiyeyarekodi majadiliano hayo amepoteza ushahidi wa namna jamii inavyouona ulimwengu.

Mtegaji akishafika mjini, huwa mhusika. Hujisifu kwa alivyopokewa, hutaja alichokula na alichovaa, huwadhihaki kwa upole walioshindwa, na pengine huleta salamu kutoka kwa watu wa huko. Ana nafsi mbili: ni yeye na si yeye. Hadhira inajua kwamba hajaondoka kwenye jamvi, lakini inakubali kwamba ameondoka. Makubaliano hayo ndiyo kiini cha tamthilia yoyote. Hivyo basi, anayedai kwamba Waswahili na majirani wao wa pwani hawakuwa na drama kabla ya jukwaa la shule na la mkoloni, hajawahi kuusikiliza mji.

Sasa lile jibu kuhusu mtoto mwenye haya. Mtoto huyo hahitaji kulindwa dhidi ya mji, kwa sababu kanuni yenyewe inamlinda. Anaanza akiwa hadhira. Anawasikia wengine wakienda na kurudi. Hadaiwi kusimulia mpaka atakapokuwa na fumbo ambalo wenzake wamelishindwa, yaani mpaka atakapokuwa na kitu cha kujivunia. Hata wakati huo, hakuna kipimo cha urefu wa simulizi. Mji unaweza kuwa wa sentensi mbili leo na 10 kesho. Ushindani unamfungulia mlango, nayo masimulizi yanamkaribisha ndani. Ukimnyima mji kwa kumhurumia, umemhukumu kubaki mtu wa neno moja.

Mtazamo wa Kinango

Kinango iko bara ya Kwale, nyuma ya Milima ya Shimba, mbali na fukwe za Diani na Msambweni zinazojulikana na watalii. Ni nchi kavu ya mifugo na mahindi yanayotegemea mvua isiyotabirika. Wakazi wake wengi ni Waduruma, mojawapo ya jamii tisa za Mijikenda. Watoto wake hukua na Kiduruma nyumbani na Kiswahili shuleni na sokoni, na huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kupumzika.

Katika eneo hili neno lenyewe, mji, lina uzito wa pekee. Katika lugha za Mijikenda, mudzi ni boma au makazi ya watu wa ukoo, mahali penye mwenyeji, nyumba na mifugo. Jina la Mijikenda lenyewe lina maana ya miji tisa. Ni watu waliojitambulisha kwa miji, na makaya yao ya kale ndiyo kumbukumbu ya miji hiyo. Mwaka 2008 misitu ya makaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Kaya Kinondo iliyoko upande wa Diani ikiwa miongoni mwayo. Mwaka uliofuata, 2009, mila na desturi zinazoambatana na makaya ziliwekwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa hivyo, sikio la mtoto wa Kinango linaposikia "nipe mji", linaweza kusikia mambo mawili: mji wa Kiswahili wenye maduka na magari, na mudzi wa wazee wenye watu wa kumpokea mgeni. Ombi la mtegaji linakuwa ombi la kupewa mahali pa kuwa mtu.

Natuchukue mfano wa kukisia ili hoja idhihirike. Mtoto wa Kinango ametega, wenzake wameshindwa, naye amepewa Mombasa. Atasema nini? Huenda baba, mjomba au ndugu ya yeyote kati ya waliokaa naye ni kibarua huko, au yuko Diani katika hoteli, na hurudi nyumbani kwa nadra. Mji aliopewa ndio mji uliomchukua mtu wa nyumbani. Akisema amekaribishwa na mjomba na kulishwa biriani, hadhira itacheka huku ikijua kinachosemwa. Akisema amefungua bomba maji yakamwagika mpaka akachoka kuyatazama, watoto wanaojua umbali wa kisima watatikisa vichwa. Yule mjuzi zaidi atasema kwamba amefika Mombasa akakuta watu wananunua maji kwa mitungi kutoka kwa wasukuma mikokoteni. Simulizi hiyo itakuwa kweli, na itagusa jambo zito, maana Bwawa la Mwache, ambalo mradi wake umo katika eneo hilo la Kinango, lilikusudiwa kuipelekea maji Mombasa pamoja na Kwale. Katika sentensi tatu za mji, mtoto amezungumzia uhamiaji, uhaba wa maji na uhusiano wa bara na pwani. Hakuna orodha ya mafumbo na majibu itakayoyafikia hayo.

Hapa ndipo palipo na hatari halisi. Vitendawili vya eneo kama Kinango vikikusanywa kwa safu mbili, fumbo upande wa kushoto na jibu upande wa kulia, kinachohifadhiwa ni kile ambacho karibu kila jamii ya pwani inacho. Yai, nanasi, macho na kivuli viko kila mahali. Kilicho cha Kinango peke yake, yaani miji inayotolewa, miji inayokataliwa na yanayosimuliwa humo, hakiandikwi.

Mzozo uo huo mezani

Inafaa kutazama mbali kidogo, kwa kuwa mzozo huu haukuzaliwa Afrika Mashariki wala hautaishia hapa. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walichapisha mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Ulichipuka katika michezo ya kuigiza vita kwa vinyago juu ya meza, lakini badala ya mchezaji kuongoza jeshi, alipewa mhusika mmoja: shujaa, mchawi, mwizi au kuhani. Mwongozaji husimulia mahali na hatari zilizopo, wachezaji husema wahusika wao watafanya nini, na dadu huamua kama wamefaulu. Dadu inayofahamika zaidi katika mchezo huo ina pande 20. Michezo mingi ya aina hiyo imetungwa tangu hapo, na wachezaji wake wamepatikana katika mabara yote.

Tangu miaka ya mwanzo wachezaji wa michezo hiyo wamekuwa wakibishana. Wapo wanaotaka mchezo wa moja kwa moja: pango lipo, adui yupo, dadu itupwe, na mwenye akili na bahati ashinde. Wapo wanaotaka masimulizi: mhusika awe na historia, majuto na mapenzi, na tukio liwe na maana hata likimgharimu ushindi. Mwaka 2001 Ron Edwards, mtungaji wa michezo hiyo, alieleza malengo matatu yanayowaongoza wachezaji, yaani kushindana, kusimulia na kuuiga ulimwengu kwa uaminifu, na akadai kwamba mchezo huvurugika wachezaji wakaapo meza moja huku kila mmoja akiwa na lengo lake. Mgawo wake ulizua ubishi mrefu, lakini uliwapa watu msamiati wa kuuzungumzia mgogoro waliokuwa wakiuhisi.

Swali gumu kuliko yote katika ubishi huo ni hili: dadu ikisema kwamba shujaa ameanguka, na kuanguka kwake kukiiharibu hadithi nzuri, je, mwongozaji ana ruhusa ya kuificha dadu na kusema hajaanguka? Wanaopenda masimulizi wengi husema ndiyo. Wanaopenda ushindani husema huo ni udanganyifu, na kwamba hadithi isiyoweza kumpoteza shujaa wake haina hofu, na isiyo na hofu haina utamu.

Kitendawili kilikwisha kulijibu swali hilo kwa utaratibu wake. Mtegaji haruhusiwi kulibadilisha jibu baada ya kufumbuliwa. Akifanya hivyo ili apate mji kwa hila, wenzake watamkemea, na huenda wasimwitikie tena "Tega!" Kanuni ni ngumu hadi pale hadhira inaposhindwa. Baada ya hapo kanuni hulegea kabisa, na mtegaji huwa huru kusema lolote kuhusu mji. Kisha kanuni hurudi, jibu likatolewa. Ushindani na masimulizi havigombei nafasi moja, kwa sababu kila kimoja kimepewa zamu yake. Lau watungaji wa michezo ya mezani wangelitazama jamvi la watoto wa pwani, wangekuta mfano uliokomaa wa jambo wanalolitafuta.

Hali hiyo hiyo inatufundisha kutoegemea upande wa masimulizi kupita kiasi. Mji unaotolewa bure, bila fumbo wala kushindwa, ni hotuba tu. Mwalimu anayesema, "Haya, kila mmoja atueleze alivyokwenda Nairobi," ameanzisha insha ya mdomo, hakuanzisha kitendawili. Masimulizi ya mji yana nguvu kwa sababu yamezuiwa kwanza. Hadhira yote inalisubiri jibu, na mtegaji analishikilia mkononi anapojisifu. Taharuki hiyo ndiyo inayowafanya wavumilie majisifu yake.

Darasani, utafitini na jukwaani

Yanayofuata si mapendekezo ya kubadilisha dunia. Ni mambo yanayoweza kufanywa na wanachama wa chama chochote cha Kiswahili chuoni bila kusubiri fedha.

La kwanza ni utafiti. Mwanafunzi anayekwenda nyanjani kukusanya vitendawili, iwe Kinango, Lunga Lunga au Vanga, aache tabia ya kubeba daftari lenye safu mbili. Aandike ni nani aliyetega, nani aliyejaribu na alijaribu kwa jibu gani, mji upi ulitajwa, upi ulikataliwa, na mtegaji alisema nini alipofika. Majibu yaliyokosewa nayo yana thamani, maana ndiyo yanayoonyesha akili ikifanya kazi. Ruth Finnegan alisisitiza tangu mwaka 1970, katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, kwamba kazi ya sanaa simulizi haikamiliki bila utendaji. Leo simu ya mkononi inaweza kurekodi sauti na picha. Kisingizio cha kukosa vifaa kimepungua, ingawa wajibu wa kuomba idhini ya wanaorekodiwa na wazazi wao haujapungua.

La pili ni ufundishaji. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa katika madarasa ya chini mwaka 2019, unasisitiza kwamba mwanafunzi atende badala ya kukariri. Kitendawili kinafaa lengo hilo kuliko mazoezi mengi ya kubuniwa ofisini. Vitendawili vitatu vyenye miji vinafundisha kusikiliza, kuzungumza, kubuni, kutumia wakati uliopita, kueleza mahali na kujadiliana kwa adabu. Ishirini visivyo na miji vinafundisha nomino ishirini. Mwalimu mtarajiwa aliye chuoni sasa ndiye atakayeamua.

La tatu ni mtihani. Maswali yanayomtaka mtahiniwa ataje hatua za kutega kitendawili yataendelea kuzaa majibu ya kukariri. Swali linalompa fumbo, hadhira na mji uliotolewa, kisha likamtaka aandike atakayoyasema mtegaji na aeleze sababu zake, lingepima umahiri ambao somo lenyewe linadai kuufunza.

La nne ni jukwaa. Ebrahim Hussein, baada ya kuandika Kinjeketile mwaka 1969, aligeukia umbo la ngano katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, tamthilia zilizochapishwa pamoja mwaka 1976, ambamo msimulizi ndiye anayebeba mchezo. Alionyesha kwamba jadi ya usimulizi wa pwani inaweza kusimama jukwaani bila kuvaa nguo za kuazima. Utaratibu wa kitendawili na mji wake haujatumiwa vya kutosha na watunzi waliomfuata. Tamthilia ambayo hadhira inashindwa, inatoa mji, kisha inamsikiliza mshindi akiulipa, ingekuwa na muundo wa kienyeji kweli, na hadhira ingekuwa na kazi zaidi ya kupiga makofi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mgogoro kati ya mchezo wa kushindana na mchezo wa kusimulia haumalizwi kwa kumfukuza mmoja. Kitendawili kimeviweka vyote viwili katika jamvi moja, kwa zamu, na kwa haki. Kushindwa kwa mmoja kunazaa usemi wa mwingine, na usemi huo unamrudia aliyeshindwa kama faida. Jamii iliyobuni utaratibu huo ilielewa kwamba mshindi asiyesimulia ni mchoyo, na msimulizi asiyeshinda chochote hana wa kumsikiliza.

Kinachohitajika sasa ni kuacha kuufupisha mji kuwa sentensi moja ya vitabuni. Watoto wa Kinango na kwingineko pwani wangali wanajua vitendawili, lakini mtoto anayekutana navyo shuleni tu, kwa umbo la maswali na majibu, atakuja kuwa mzazi asiyejua kwamba mji husimuliwa. Hasara hiyo haitaonekana katika orodha yoyote, kwa sababu mafumbo na majibu yote yatakuwa yamehifadhiwa salama. Ni juu ya wanafunzi wa Kiswahili wa leo, wenye miguu ya kufika vijijini na masikio ya kusikiliza, kuirekodi miji hiyo wakati ingali ina wasafiri.